Kusimamia Jukwaa la Watumiaji wa Programu

Jukwaa la watumiaji ni mahali mtandaoni ambapo watu wanaotumia programu fulani huulizana maswali, hupeana majibu na kumfikishia mtengenezaji malalamiko yao. Linatofautiana na dawati la msaada kwa jambo moja kubwa. Dawatini, swali na jibu hubaki kati ya mteja na kampuni. Kesho mteja mwingine akikwama palepale, kazi huanza upya. Jukwaani, swali huulizwa mbele ya watu, hujibiwa mbele ya watu, na jibu hukaa pale likimsubiri atakayelitafuta mwaka ujao. Kwa sababu hiyo kampuni haina haja ya kumjibu kila mtu. Inachotakiwa ni kuhakikisha kwamba hakuna swali linalolala bila jibu, na kwamba jibu sahihi likishapatikana linaonekana.

Lilikotoka jukwaa

Desturi ya watumiaji kusaidiana ina umri mkubwa kuliko intaneti. Mwaka 1955, watu waliokuwa wakitumia kompyuta za IBM 704 katika eneo la Los Angeles, Marekani, waliunda chama kilichoitwa SHARE. Walibadilishana programu na mbinu, na wakawa wanaipelekea IBM madai yao kwa sauti moja. Mwaka 1980 ukaanza kutumika mtandao wa Usenet, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, na mabaraza yake yakawa shule ya waandishi wengi wa programu. Kampuni nazo ziliwafuata watu walipo. Katika miaka ya 1980 na 1990 nyingi zilifungua mabaraza ndani ya CompuServe, huduma ya kulipia iliyotangulia tovuti za leo. Huko Microsoft iliona watumiaji wachache wakijibu maswali ya wenzao kwa wingi bila malipo, na mwaka 1993 ikaanza kuwatunuku hadhi ya MVP, yaani mtaalamu mwenye thamani kubwa zaidi.

Mwaka 2008 ulifunguliwa mtandao wa maswali na majibu wa Stack Overflow, ambao wasomaji wake huyapigia kura majibu ili lililo bora lipande juu. Mwaka 2013 ikatoka Discourse, programu huria ya kuendeshea majukwaa, ambayo sasa inatumiwa na miradi na kampuni nyingi.

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii. OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ilizaliwa mwaka 2004 kutokana na ushirikiano wa madaktari wa Indiana, Marekani, na wenzao wa Eldoret, Kenya. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, unatumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Kila mmoja una jukwaa lake, na yote mawili yanaendeshwa kwa Discourse. Afisa takwimu wa wilaya aliyekwama na ripoti ya robo mwaka anaweza kuuliza hapo, na anayemjibu akawa mtu wa Oslo, wa Dar es Salaam au wa India.

Jukwaa na kundi la WhatsApp

Kampuni ndogo za programu katika ukanda huu kwa kawaida huanza na kundi la WhatsApp, na zina sababu nzuri. Kila mteja tayari anayo, bando lake ni dogo, na hakuna haja ya kufungua akaunti nyingine. Lakini kundi lina kikomo cha watu 1,024, namba za simu za wanachama huonekana na wenzao, na injini za utafutaji haziyaoni yaliyomo. Kubwa zaidi, jibu zuri la asubuhi huwa limezama jioni chini ya salamu, pole na matangazo ya harusi, na kesho yake mtu mwingine anauliza jambo lilelile.

Dawa yake ni kugawana kazi, wala hakuna haja ya kulifuta kundi. Kundi hubaki mlango, jukwaa likawa ghala. Swali likitatuliwa kundini, msimamizi huliandika jukwaani siku hiyohiyo, swali na jibu lake, kisha hurudisha kiungo kundini. Baada ya miezi michache, maswali mengi ya kundini hujibiwa kwa kiungo kimoja.

Watu wanaohitajika

Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni inayojulikana hadi leo: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Anayepanga jukwaa anapaswa kuyakumbuka makundi yote matatu. Yule mmoja ndiye mhimili wa majibu. Wale 90 ndio wanaofaidika, ingawa hawajulikani hata majina.

Upande wa kampuni, kazi hugawanyika katika nafasi nne. Meneja wa jumuiya hubeba dhamana ya jukwaa zima: kanuni zake, vipimo vyake na uhusiano wake na idara nyingine. Wasimamizi husoma, hupanga, huondoa taka na kutuliza ugomvi. Wahandisi wa zamu hujibu maswali ambayo msimamizi hawezi kuyajibu. Utaratibu unaofanya kazi ni mhandisi mmoja kwa wiki, kwa kupokezana, ili mzigo usimwelemee mmoja na kila mhandisi aone kwa macho yake namna programu yake inavyowasumbua watu. Nafasi ya nne ni ya wajitolea, watumiaji wenye uzoefu waliopewa sehemu ya mamlaka ya msimamizi.

Kampuni ya watu watano haiwezi kuajiri wote hawa. Inaweza, hata hivyo, kumtaja mtu mmoja kwa jina na kumpa saa mbili za kila siku ya kazi. Jukwaa ambalo ni kazi ya kila mtu huishia kuwa si kazi ya mtu yeyote.

Kupanga vyumba na kanuni

Jukwaa jipya lianze na vyumba vichache: Kuanza, Maswali, Hitilafu, Mapendekezo na Matangazo vinatosha. Vyumba vingi kuliko watu hulifanya lionekane gofu, na mgeni aliyekuta chumba kitupu harudi. Chumba kipya huongezwa pale nyuzi za aina moja, yaani maswali pamoja na majibu yake, zinapokuwa nyingi kiasi cha kuzifunika nyingine.

Kanuni ziwe fupi, zisomeke kwenye skrini moja ya simu. Zinataja kinachoruhusiwa, kinachoondolewa, nani anaondoa, na mtu aliyeondolewa chapisho lake anakata rufaa wapi. Kanuni zitaje pia lugha. Watumiaji wengi wa Tanzania na Kenya huandika kwa kuchanganya, na wapo wanaonyamaza kabisa kwa kuhofia Kiingereza chao. Tamko la wazi kwamba maswali ya Kiswahili yanapokewa na kujibiwa kwa Kiswahili huwafungulia mlango watu hao, mradi awepo wa kuyajibu.

Chumba cha Hitilafu hunufaika na fomu ya swali inayojitokeza mtu anapofungua uzi. Fomu huomba mambo matano: toleo la programu, aina ya kifaa, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea. Mtu anayejaza fomu hiyo kwa dakika tatu humwokolea msimamizi siku mbili za kuulizana.

Zamu ya kila siku

Msimamizi anayefungua jukwaa asubuhi na kuanza na uzi wenye kelele nyingi huwa ameanza vibaya, kwa sababu uzi wenye kelele tayari una watu. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Ripoti za watumiaji. Machapisho yaliyoripotiwa huenda ni utapeli au matusi, na kila dakika yanapobaki yanaweza kuumiza mtu.
2. Nyuzi zisizo na jibu, kuanzia ya zamani zaidi. Aliyesubiri siku tatu hutangulia aliyeuliza saa moja iliyopita.
3. Nyuzi zilizofufuka, yaani zile zilizokuwa zimetatuliwa na sasa mtu ameandika "kwangu bado". Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba toleo jipya limerudisha hitilafu ya zamani.
4. Nyuzi mpya. Hizi hupewa kichwa cha habari kinachoeleweka, lebo na chumba sahihi. Zinazojirudia huunganishwa na uzi mama.
5. Maneno yaliyotafutwa bila kupata kitu. Jukwaa likiwa na kumbukumbu ya utafutaji, orodha hiyo huonyesha maswali ambayo watu waliondoka nayo bila hata kuuliza.

Kampuni huahidi muda wa jibu la kwanza, na ahadi iwe ile inayotimizika. Saa 24 katika siku za kazi ni ahadi nzuri kwa kampuni ndogo. Jibu la "tumeliona, tunachunguza" linakubalika endapo tu linataja siku ya kurudi na habari, na siku hiyo msimamizi arudi, hata kama habari yenyewe ni kwamba uchunguzi bado.

Uzi mmoja kwa karibu

Mfano ufuatao umetungwa, lakini mwenendo wake ni wa kila siku. Kampuni ina programu ya mauzo ya maduka, na juzi imetoa toleo la 4.2. Uzi unafunguliwa wenye kichwa "Msaada wa haraka", na ndani yake mstari mmoja: "Wakuu habari, tangu nimeapdeti jana stoo haisomi. Naombeni msaada."

Jibu baya ni la aina mbili. La kwanza ni "soma mwongozo", linalomfukuza mtu. La pili ni "wasiliana na huduma kwa wateja", linalolitoa swali hadharani na kulipeleka faraghani, ambako jibu lake halitamfaa mwingine. Jibu zuri linaweza kuwa hivi:

"Habari, ndugu, na pole kwa usumbufu. Tunaomba mambo matatu ili tujue tatizo liko wapi: namba ya toleo iliyo chini ya Mipangilio, kama bidhaa zisizoonekana ni zote au baadhi, na picha ya skrini, baada ya kufunika majina ya wateja. Kwa sasa tafadhali usiiondoe programu kwenye simu, maana mauzo ambayo hayajapanda kwenye seva yatapotea."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote. Mtu aliyekwama hukimbilia kufuta programu na kuiweka upya, na hapo hitilafu ndogo hugeuka hasara. Jibu la kwanza humzuia kwanza asijiumize, ndipo uchunguzi ufuate.

Mwenye duka anarudi: bidhaa nyingine zipo, ila maziwa ya ng'ombe na nyama ya ng'ombe hazipo. Mtumiaji mwingine anaongeza kwamba kwake imepotea sabuni ya kung'arisha vyombo. Msimamizi aliye macho anaiona hitilafu hapo: kila jina lililopotea lina ritifaa, yaani alama ya ('). Katika lugha nyingi za kuandikia programu, alama hiyo ndogo hutumika kuonyesha mwanzo na mwisho wa maneno, na mhandisi asipochukua tahadhari, kompyuta hudhani jina la bidhaa limeishia kwenye "ng". Wapimaji waliojaribu toleo hilo kwa majina ya Kiingereza wasingeiona kwa urahisi. Wauza maziwa wameiona ndani ya siku moja.

Msimamizi sasa anafanya mambo manne. Anabadilisha kichwa cha uzi kutoka "Msaada wa haraka" kuwa "Toleo la 4.2: bidhaa zenye ritifaa katika jina hazionekani stoo", ili mwenye tatizo hilo aupate kwa kutafuta. Anaandika njia ya muda: kufungua akaunti kwenye kompyuta na kuandika jina bila ritifaa. Anafungua tiketi kwa wahandisi na kuweka kiungo chake kwenye uzi. Toleo la marekebisho likitoka, anarudi na kuliandika, analiwekea jibu alama ya suluhisho, na anawashukuru wote wawili kwa majina yao ya jukwaani.

Uzi wa namna nyingine unahitaji jicho jingine. Mtu anauliza: "Nawezaje kurudisha nyuma tarehe ya simu bila programu kugundua?" Msimamizi mwenye haraka atamwona mdanganyifu na kufunga uzi. Akiulizwa anataka kufanya nini, huenda akaeleza kwamba jana umeme ulikatika na anataka kuingiza mauzo ya jana. Watu wengi huuliza kuhusu dawa waliyojibunia wenyewe badala ya ugonjwa walio nao, na swali la kwanza la msimamizi huwa ni la kuutafuta ugonjwa.

Kutoka uzi hadi tiketi

Jukwaa lisilounganishwa na meza ya wahandisi ni mahali pa kulia tu. Kila hitilafu iliyothibitishwa hupata tiketi katika mfumo wa kazi, na kiungo huwekwa pande zote mbili, ili mhandisi asome maneno ya mtumiaji mwenyewe na mtumiaji ajue mambo yamefika wapi. Hali zitajwe kwa maneno yasiyobadilika: Inachunguzwa, Imethibitishwa, Imerekebishwa, Haitarekebishwa. Hali ya mwisho huogopwa na kampuni nyingi, nazo huacha maombi yakae miaka bila neno. Ni afadhali kukataa waziwazi na kutoa sababu. Mtumiaji aliyeambiwa hapana atatafuta njia nyingine, lakini aliyeachwa njia panda atauliza tena kila mwezi.

Jambo moja halifai kujadiliwa hadharani kabla ya wakati wake: tundu la usalama. Mtu akiandika jukwaani jinsi ya kuingia kwenye akaunti ya mwingine, chapisho hufichwa mara moja, mwandishi hushukuriwa kwa ujumbe wa faragha, na mazungumzo huhamia kwa timu ya usalama. Ili watu wasilazimike kuandika hadharani, kampuni huweka anwani ya kuripotia kwenye tovuti yake katika faili la security.txt, ambalo muundo wake ulitolewa rasmi mwaka 2022 kwa namba RFC 9116. Baada ya tundu kuzibwa, kampuni hueleza hadharani lilikuwa nini. Kukaa kimya milele nako si njia: Project Zero, timu ya Google inayotafuta matundu, hujulikana kwa kuwapa watengenezaji siku 90 kabla ya kutangaza.

Taka, matapeli na ugomvi

Matangazo taka huletwa zaidi na mashine zinazotaka viungo vyao visomwe na injini za utafutaji. Tangu mwaka 2005 tovuti zimekuwa zikiweka alama ya nofollow kwenye viungo vya wageni ili injini zisivihesabu, na programu nyingi za majukwaa hufanya hivyo zenyewe. Ngao ya pili ni ngazi za uaminifu. Kwa mpangilio wa kawaida wa Discourse, mgeni huanza ngazi ya 0, na hupanda ya 1 akishaingia kwenye nyuzi 5, kusoma machapisho 30 na kukaa akisoma kwa dakika 10. Kabla ya hapo uwezo wake wa kuweka viungo na picha una mipaka. Mtu wa kweli huvuka bila kujua; mashine huchoka.

Tapeli ni hatari kuliko mashine. Huingia chini ya swali la mtu aliyekata tamaa na kuandika: "Piga namba hii ya huduma kwa wateja." Akipigiwa, huomba nywila au namba ya siri ya akaunti ya pesa ya simu. Machapisho ya aina hii huondolewa kabla ya kazi nyingine yoyote. Kinga yake ni mbili: wafanyakazi wa kweli wawe na alama inayoonekana kando ya majina yao, na tangazo la kudumu liseme kwamba hakuna mfanyakazi atakayeomba nywila kwa njia yoyote.

Ugomvi wa kawaida hushughulikiwa kwa ngazi: ujumbe wa faragha, onyo, kunyamazishwa kwa siku chache, na mwisho kufungiwa akaunti. Kila hatua huandikwa katika daftari la wasimamizi ili maamuzi yafanane, awe mkosaji ni mgeni au mteja mkubwa. Anayeondolewa chapisho huelezwa sababu. Kwa wanaohifadhi maudhui ya watumiaji walioko Ulaya, kutoa sababu hizo ni takwa la Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024.

Lawama si ugomvi. Mtu anayeandika kwamba toleo jipya ni bovu, bila kumtukana mtu, ana haki ya kubaki. Akifutwa, picha ya chapisho lake itazunguka kwingine ikiwa na lawama mbili badala ya moja.

Majibu yaliyoandikwa na akili mnemba yameleta kazi mpya. Desemba 2022, siku chache baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma, Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake, kwa sababu yalikuja kwa wingi, yalionekana mazuri, na mara nyingi hayakuwa sahihi. Kampuni inayotumia mashine kuandaa rasimu za majibu inafaa iwe na mtu anayezijaribu kabla hazijachapishwa, na iwaambie wasomaji kwamba mashine imehusika.

Wajitolea

Mjitolea mzuri hutambulika kwa majibu yake kabla hajaombwa chochote. Kampuni ikimwona, humpa mambo ambayo fedha hainunui kwa urahisi: toleo la majaribio mapema, njia ya kuwasiliana na wahandisi moja kwa moja, na heshima ya hadharani. Katika nchi ambazo intaneti hununuliwa kwa bando, ni haki pia kumlipia bando lake. Hapaswi kutoa mfukoni ili awahudumie wateja wa mwingine.

Mjitolea si mwajiriwa, na akipuuzwa ana uwezo wa kusimama. Juni 2023 wasimamizi wengi wa kujitolea wa Stack Overflow na mitandao dada waligoma, wakipinga sera iliyowabana katika kuondoa majibu ya akili mnemba. Mgomo uliisha Agosti baada ya mazungumzo. Sera inayowagusa wajitolea husomwa nao kabla ya kutangazwa.

Siku ya dhoruba

Kuna siku jukwaa hufurika. Septemba 12, 2023, kampuni ya Unity, inayotengeneza programu ya kuundia michezo ya kompyuta, ilitangaza ada mpya itakayohesabiwa kwa kila mchezo unaposakinishwa. Watengenezaji wa michezo walijaa hasira, hasa kwa sababu ada hiyo ingegusa pia michezo iliyokwisha kutoka. Siku 10 baadaye kampuni ikaomba radhi na kulegeza masharti; mwezi uliofuata mkuu wake, John Riccitiello, akaondoka; na Septemba 2024 ada ikafutwa kwa wateja hao wa michezo.

Siku kama hiyo msimamizi hufungua uzi mmoja rasmi, huubandika juu, na huelekeza nyuzi nyingine huko. Hajibu kila tusi. Hukusanya maswali yanayojirudia, huyapeleka kwa wakubwa wenye uamuzi, na hurudi na majibu kwa saa aliyoitaja. Hana ruhusa ya kubahatisha: neno moja la msimamizi hunukuliwa kama neno la kampuni.

Usalama na siri za watu

Jukwaa ni ghala la majina, barua pepe na nywila, na wezi wanalijua hilo. Julai 2013 jukwaa la watumiaji wa mfumo endeshi wa Ubuntu lilivamiwa, na taarifa za akaunti takriban milioni 1.82 zikachukuliwa. Mvamizi aliingia kwa akaunti ya msimamizi mmoja, akawatumia wakuu wa jukwaa ujumbe kwamba ukurasa wa matangazo una hitilafu, na aliyeufungua kwenda kutazama akaibiwa kikao chake cha kuingia jukwaani. Julai 2016 lilivamiwa tena, safari hii kupitia kiongezo ambacho hakikuwa kimesasishwa, na watu milioni 2 wakaguswa. Mafunzo yake ni mepesi kuyataja: wasimamizi wote wathibitishwe kwa hatua mbili, kila mmoja apewe mamlaka anayoyahitaji tu, na viongezo visasishwe, visivyotumika viondolewe.

Sheria nazo zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka uvujaji wenye madhara kwa watu uripotiwe kwa kamishna wa ulinzi wa data ndani ya saa 72 tangu kugunduliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hatari ya kila siku, hata hivyo, ni picha ya skrini. Muuguzi anayeomba msaada anaweza kubandika ukurasa wenye jina la mgonjwa na ugonjwa wake. Msimamizi huificha picha hiyo kwanza, kisha humwomba aweke nyingine iliyofunikwa, na humjibu swali lake bila kumwaibisha.

Vipimo

Wingi wa machapisho si kipimo cha afya ya jukwaa. Toleo bovu huleta machapisho mengi. Vipimo vyenye maana ni vinne: asilimia ya maswali yaliyopata jibu, muda wa jibu la kwanza, asilimia yaliyowekewa alama ya suluhisho, na idadi ya maswali yaliyopita siku 7 bila jibu.

Muda unahitaji uangalifu. Maswali tisa yakijibiwa kwa saa mbili kila moja, na la kumi likakaa siku kumi, wastani ni karibu saa 26, ilhali muda wa kati ni saa 2. Namba ya kwanza huwaonea wasimamizi, ya pili humficha yule mmoja aliyesubiri. Ndiyo maana maswali yaliyolala huhesabiwa peke yake na kusomwa moja baada ya jingine, kwa kichwa cha habari.

Kulifunga jukwaa

Majukwaa huzeeka, na mengine hufungwa. Mwaka 2010 Microsoft ilianza kufunga mabaraza yake ya mtindo wa Usenet na kuwahamishia watu kwenye majukwaa ya tovuti. Kampuni inayofunga hutoa taarifa miezi kabla, huzuia nyuzi mpya, huacha za zamani zisomeke, na huhakikisha viungo vya zamani vinafika mahali. Majibu yaliyoandikwa kwa miaka kumi na watu wasiolipwa si takataka za kufuta ili kupunguza gharama ya seva.

Jukwaa lililofungwa lakini linasomeka bado linasaidia watu. Lililo wazi lakini maswali yake yamelala linadhuru, kwa sababu linalomfikia mgeni si tangazo la kampuni bali uzi aliouokota kwenye utafutaji: swali linalofanana na lake, lililoulizwa miezi minane iliyopita, na chini yake hakuna kitu.